Ya Kupandia

Kiharusi kilimwachia Mzee Usikanyage maneno matatu, na jamani, kama kilichagua makusudi basi kilichagua kwa roho mbaya. Kilimwachia "maji", sawa, mgonjwa lazima aombe maji. Kilimwachia "la", maana mzee alikuwa mbishi tangu ujana wake, na ubishi haukupooza pamoja na mkono wa kulia. La tatu lilikuja baadaye, ghafla, asubuhi moja, nalo ndilo lililoitia nyumba nzima wazimu. "Ndiyo" hakuachiwa. Hata lile neno lililompa jina lilipotea, mtu akawa anaitwa kwa neno asiloweza kulitamka tena.

Jina lenyewe alilipata kazini. Alikuwa mtunza nyasi wa uwanja wa mpira, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa kumwagilia, kukata na kufukuza watu. Mchezaji akikata njia wakati nyasi zinapumzika, "Usikanyage!" Mpiga picha na makamera yake shingoni, "Usikanyage!" Kuna siku alimfokea mgeni rasmi mwenyewe, mbele ya walinzi wake wenye miwani myeusi, na mgeni rasmi akaruka pembeni kama mtoto aliyemwaga maziwa. Walinzi walitaka kumla nyama. Mgeni rasmi alicheka, na mzee akaponea hapo.

Na nyumbani kwake? Vumbi tupu. Kati ya mlango wa mbele na geti palikuwa na kiwanja kidogo, kigumu kama sakafu, kisichoota hata magugu. Mkewe alimwambia miaka nenda miaka rudi, "Wewe unalea watoto wa watu, wa kwako wanalala na njaa," akimaanisha nyasi. Naye mzee kila mara alijibu, "Nikistaafu, mama watoto. Nikistaafu utakaa juu ya kijani mpaka uchoke." Mama watoto hakuwahi. Alitangulia kabla mumewe hajakabidhi funguo za stoo ya uwanja, na jeneza lake lilitoka nyumba ile juu ya lile vumbi. Upepo ulivuma, waombolezaji wakajifunika nyuso, na vumbi likatua juu ya kitambaa cheupe alichokuwa amekishona binti yao kwa mkono wake. Yule binti alikipangusa kitambaa, kikazidi kuchafuka. Tangu siku hiyo alimpikia baba yake, alimfulia, alimwamkia kila asubuhi kwa adabu zote, lakini kumsamehe alishindwa.

Huyo binti ni fundi cherehani, na baba yake alimwita Sindano tangu utotoni, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake.

Mzee alipostaafu hakupumzika hata wiki. Alishika jembe akakivunja kile kiwanja, akatoa mawe, akaponda mabonge, akasawazisha udongo kwa ubao mpaka ukalala kama shuka. Alinunua mbegu za nyasi akazitundika stoo ndani ya kiroba, panya wasizifikie. Sindano alimtazama kutoka kwenye cherehani yake, akaendelea kushona. Angesema nini? Aliyeahidiwa hayupo. Halafu, siku chache kabla ya kuzimwaga mbegu zenyewe, mzee akaanguka bafuni.

Hospitali walijitahidi, kisha daktari akamwita Sindano pembeni. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na hakuzunguka mbuyu. "Dada, mpelekeni nyumbani akae na watu wake. Kikirudi cha pili hatutakuwa na la kufanya. Kinaweza kurudi mwezi ujao, kinaweza kurudi kesho."

Sindano alimrudisha baba yake akiwa na jambo moja tu kichwani: mzee azione zile nyasi zikiwa kijani kabla hajafumba macho. Tusimsifu sana, haikuwa huruma peke yake. Alitaka kumsamehe baba yake angali hai, na hakuijua njia nyingine ya kufanya hivyo.

Waliazima kitanda cha chuma kutoka zahanati, kirefu kwenda juu, wakakisogeza dirishani ili mzee aone nje. Sindano akajifunga kitambaa kiunoni, akatoa kiroba stoo, akamwaga mbegu, akazipitishia reki, akamwagilia maji polepole. Kandokando ya ukuta alipanga matofali mstari mmoja, njia ya mtu mmoja kwenda getini na kurudi. Alikuwa bado ameshika ndoo aliposikia sauti dirishani, nzito, ya kuvutwa kutoka mbali.

"Ya... ya kupandia."

Shangazi ndiye aliyefika wa kwanza. Huyu ni dada wa mzee, mdogo wake wa kufuatana, aliyekuja kumwangalia mgonjwa "kwa siku mbili tatu" na begi la kukaa mwaka. "Kasema!" alipiga kelele. "Sindano we, njoo! Baba yako kasema neno jipya!"

Sindano aliingia na matope yake miguuni. "Umesema nini, baba?"

"Ya kupandia."

"Nimeshapanda, baba. Mbegu zote zimekwisha, tazama."

"La." Mkono wa kushoto, ule mzima, ulipiga ukingo wa kitanda. "La! Ya kupandia."

"Kupanda wapi, basi? Unataka kushuka? Unataka kupanda?"

"La, la, la." Mzee alifumba macho kwa hasira.

Aliyelipatia jibu, au aliyedhani amelipata, ni kaka yake Sindano. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana yake mtaa wa pili, mtu mwema mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alipopita jioni kumjulia baba yake hali, alisikiliza, akakiangalia kitanda, akapiga paji la uso wake.

"Nyinyi nanyi! Si anapiga kitanda? Kitanda chenyewe hiki mtu mzima anakifikiaje? Kila siku tunambeba mithili ya gunia, na mzee huyu ana heshima zake. Anataka ngazi. Ngazi ya kupandia."

Ikawaingia akilini wote. Kaka alirudi karakana na kutengeneza kingazi kifupi, imara, chenye vidato vipana na mshikio upande wa kushoto, upande wa mkono mzima. Pembe zote alizipiga msasa zisimkwaruze mzee, akakipaka rangi, akakausha. Tangu aanze ufundi hakuwahi kutengeneza kitu kwa mapenzi namna ile. Alikileta amekikumbatia, akakiweka mbele ya kitanda, akasimama akingoja.

Mzee alikitazama kile kingazi. Akamtazama mwanawe. Machozi yakamtoka jicho moja, lile lililokuwa bado linatii.

"La," akasema. "Ya kupandia."

Kaka alilimeza jibu hilo. Alikinyanyua kingazi chake akakipeleka jikoni, akakiegesha mlango wa nyuma, na Shangazi, ambaye hana dogo, siku hiyo hiyo akakigeuza pa kuwekea karai la vyombo. Kaka alipokiona na lile karai juu yake, kwa siku kadhaa akawa hapiti ndani, anasalimia kupitia dirishani na kuondoka.

Sasa Shangazi naye akaleta tafsiri yake. Alimvuta Sindano jikoni, akashusha sauti, na Shangazi akishusha sauti mtaa mzima unasikia. "Mwanangu, tusijidanganye. Baba yako anaaga. Anachotaka ni ngazi ya kupandia kwenda kwa mkewe. Ndiyo maana cha kaka yako kakikataa."

"Shangazi, tafadhali."

"Mimi nimezaliwa naye tumbo moja. Namjua."

Sindano alibisha, lakini neno lilimwingia na kukaa. Kila mzee aliposema "ya kupandia", yeye alisikia "nakwenda". Alikimbilia nje kuziangalia nyasi. Zilikuwa zimeanza kuchungulia, ndiyo, ila kwa shida: nyuzi nyembamba, njano njano, hapa tatu pale hakuna kitu. Ukisimama getini ulikuwa unaona udongo tu. Kwa mwendo ule, mzee angezikwa kabla hazijafika kifundoni.

"Zitie mbolea," kaka alimwambia kupitia dirishani. "Ile nyeupe. Jirani yangu aliweka kwenye mchicha wake, wiki haikuisha ukawa kijani kama umepakwa rangi."

Ndivyo Sindano alivyofika kwenye duka la pembejeo, nyuma ya soko, duka lenye harufu ya kukausha koo na magunia mpaka darini. Mwenye duka alikuwa mama mnene aliyejifunga kitambaa puani, hana haraka, hana tabasamu.

"Nataka mbolea nyeupe," alisema Sindano. "Ya kufanya nyasi ziwe kijani upesi."

"Nyasi kongwe au changa?"

"Changa. Za mbegu. Ndiyo kwanza zinaota."

"Mh. Ulipandia nini?"

"Nilipandia mikono," alijibu Sindano. "Ningepandia nini kingine?"

Mama wa duka alishusha kitambaa puani amwone vizuri mtu wa namna hii. "Mwanangu, nauliza mbolea. Ziko mbili. Kuna ya kukuzia, ndiyo hiyo nyeupe unayoitaka. Na kuna ya kupandia, inayotangulia na mbegu. Sasa wewe ya kupandia uliweka ipi?"

Sindano alikaa. Hapakuwa na kiti, alikaa juu ya gunia la watu, mkono mdomoni. Ya kupandia. Siyo ngazi ya kupandia kitanda, siyo ya kupandia mbinguni. Mzee alikuwa kalala pale dirishani, akamwona binti yake anamwaga mbegu kwenye udongo mtupu, akaliona kosa, na katika kichwa chake kilichoungua akahangaika akachimba akatoa maneno mawili. Akawaambia. Akawaambia tena. Wao wakamletea vyuma, wakamletea na vilio.

"Mwenzangu unaumwa?" aliuliza mama wa duka.

"Siumwi. Niambie tofauti yake."

"Hii nyeupe inapeleka nguvu kwenye majani. Zitang'aa, utafurahi, majirani watakusifu. Lakini nyasi hazina mizizi bado. Zinaweza kuungua palepale, na zisipoungua, jua kali moja tu zinalala zote. Hii ya kupandia inafanya kazi chini. Inatengeneza mizizi kwanza. Juu hutaona kitu, utadhani nimekuibia. Kijani chenyewe kitakuja taratibu baadaye, lakini kikija kimekuja."

"Na nimeshachelewa?"

"Hujachelewa kihivyo. Mwaga kidogo juu, umwagilie izame."

Sindano alizitazama punje za aina zote mbili kwenye ndoo zilizokuwa wazi. "Nina mgonjwa," alisema. "Ningependa azione. Hiyo baadaye yako hana."

Mama wa duka alipangusa kijiko chake cha kupimia, akangoja.

"Nipimie zote mbili," alisema Sindano mwishowe.

Nyumbani alimwaga nyeupe kwenye bakuli moja, na ile ya kupandia, punje kubwa za kijivu, kwenye bakuli la pili. Akaenda kukaa kitandani kwa baba yake. Shangazi alisimama mlangoni na mwiko wake. Kaka alikuwa dirishani, nje, mahali pake pa siku hizo.

Sindano alianza na bakuli jeupe. "Hii, baba?"

Mzee hakuhitaji kuigusa. "La."

Akamsogezea la pili. Mkono wa kushoto ulinyanyuka, ukazama ndani ya punje mpaka kwenye kifundo. Mzee alizisugua kwa kidole gumba, akazichota, akaziacha zimwagike, akazichota tena, macho yake kwa binti yake.

"Ya kupandia," alisema. Safari hii alilisema taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

"Uuuwi," alisema Shangazi mlangoni. "Kumbe mbolea! Siku zote hizi, kumbe mbolea!"

Sindano aliushika ule mkono ndani ya bakuli. Hapo ndipo alipotakiwa kunyamaza, mtu yeyote angenyamaza, lakini hakuitwa Sindano bure. "Baba, nisikilize. Nikiweka hii nyeupe, wiki ijayo utaona kijani. Labda zitakufa baadaye, lakini wewe utakuwa umekiona. Nikiweka hii, hutaona kitu. Daktari kasema..." Akaukaza ule mkono wa baba yake. "Hutakiona, baba. Nataka ukione. Nina hasira na wewe kwa ajili ya mama, nimekuwa nayo muda wote huu, na nilitaka ukione ili hasira iniishe. Unanielewa? Nikiweka hii hutaziona nyasi zako. Niweke hii?"

Mzee alikuwa na neno moja la kukataa na hakuwa na hata moja la kukubali, na wote pale walilijua hilo. Walingoja "la". Mzee alimtazama binti yake kwa lile jicho moja linalotii, akafunga kiganja juu ya punje, na hakusema.

Hakusema kabisa. Tangu kuugua kwake hapakuwa na swali hata moja ambalo hakulipinga.

Kisha akageuka dirishani, akapitisha ngumi yake kati ya nondo, karibu na uso wa mwanawe, na kwa mzunguko wa kifundo cha mkono, ule mzunguko wa kazi yake, akazirusha zile punje nje. Zilitawanyika vizuri. Kaka alizisikia zikianguka, akainama kuzitazama, na alipoinuka alikuwa analia bila kujificha. Akaizunguka nyumba, akapita kwenye matofali, akaingia ndani kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mbolea iliyobaki Sindano aliimwaga siku hiyo hiyo, hatua kwa hatua, kinyumenyume. Mzee alimwongoza kutoka dirishani. Alipozidisha mahali, alisikia "La!" Alipopunguza, "La!" Alipopatia, kimya. Ilikuwa ni kazi ya mchana mzima, na kusema kweli, tangu mama yao afe, baba na binti hawakuwahi kuongea kwa muda mrefu namna ile. Ile nyeupe ilirudishwa dukani, na mama wa duka aliipokea bila maswali.

Baada ya hapo mzee hakusema tena "ya kupandia". Aliomba maji, alikataa dawa, alikataa uji wa Shangazi, na muda uliobaki alitazama nje, kwenye udongo ambao haukuwa na chochote cha kutazama.

Kiharusi cha pili kilirudi mchana, Sindano akiwa kwenye cherehani. Hakikupiga kelele. Aliposimamisha mguu kukata uzi, alisikia kuwa chumbani pametulia mno.

Msiba ulikuja na watu wake. Walijaa barabarani, wazee wa uwanja, wachezaji wa zamani wenye vitambi sasa, wateja wa Sindano, mafundi wa karakana. Viti vilipangwa nje ya geti, na Sindano akawa analinda yale matofali kama askari, asitoke mtu nje ya mstari. Wengi waliona ni huzuni imemzidi kichwa. Walipotazama kile kiwanja waliona udongo wenye ukungu hafifu wa rangi ya majani, basi.

Ulipofika wakati wa kutoa jeneza ndipo ikawa tatizo. Matofali ni njia ya mtu mmoja, na jeneza linataka watu huku na huku. Mzee mmoja wa mtaani, mwenye haraka ya kumaliza mambo, alisema, "Tupite hapo katikati tu. Nyasi zenyewe ziko wapi?"

"Ziko chini," alisema Sindano.

"Mama, hakuna kitu hapo." Na akanyanyua mguu.

"USIKANYAGE!"

Haikuwa sauti yake. Au ilikuwa yake, lakini wachezaji wa zamani walioko barabarani waligeuka wote kwa pamoja, na mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alirudi nyuma hatua kabla hajajua kwa nini. Mguu wa yule mzee ulibaki hewani, kisha ukarudi ulikotoka. Hakuna aliyebisha tena.

Kaka aliingia jikoni. Akaondoa karai la vyombo, akalitua chini taratibu, akakibeba kingazi chake mpaka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta unaotazama uchochoro, ukuta unaofika kifuani. Akakisimamisha kwenye udongo mgumu, akakijaribu kwa uzito wake. Kikashika. Wanaume wengine walizunguka wakapanda juu ya viti upande wa uchochoroni kupokea.

Jeneza lilitokea mlango wa jikoni. Vijana wa karakana walikuwa mbele, kaka mwenyewe amesimama kwenye kidato cha juu, mkono kwenye mshikio wa kushoto, na baba yake akapanda bega kwa bega, taratibu, bila kugonga popote.

"Nilisema mimi," Shangazi alinong'ona huku machozi yakimwagika. "Ngazi ya kupandia. Mlinibishia, lakini nilisema."

Kwa mara ya kwanza Sindano hakumbishia. Alisogea kwenye ukuta kabla hawajalivusha, akaomba wasubiri kidogo. Alipitisha kiganja chake juu ya kitambaa cheupe kingine, alichomshonea baba yake, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akakigeuza kiganja akakitazama. Hakikuwa na vumbi.